Kinyago Kimepasuka, Wazo Limekauka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Uchongaji

Maswali haya huulizwa na wanaojifunza kuchonga, na wanaouza sokoni, na hata na watu wenye ajira nyingine wanaoshika patasi jioni. Mengi yanahusu mti, hasa mpingo, kwa kuwa ndio unaowakatisha watu tamaa kuliko kitu kingine. Jiwe na udongo vina sehemu yake fupi. Pale jibu moja linapogusa jingine, utaelekezwa kwenye swali husika.

## Mti na zana

1. Ninaanza kujifunza. Nichonge mti gani?

Usianze na mpingo. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, ni mgumu, unamaliza makali ya patasi, na bei yake inamfanya mwanafunzi achonge kwa woga. Zaidi ya hayo, mpingo huhitaji miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Si haki makosa ya mwezi wako wa kwanza yalipwe na mti wa umri huo.

Tafuta mti laini ulio karibu nawe: mwembe uliozeeka usiozaa tena, mwarobaini, mjakaranda, mgrevilea. Nchini Kenya, tangu miaka ya 1990, wachongaji walihamasishwa kuhamia kwenye miti hii kwa sababu muhugu ulikuwa umekatwa mno kwa ajili ya vinyago. Mwembe huchongeka kwa urahisi lakini bungua, wadudu wanaotoboa mbao, wanaupenda (tazama swali la 8). Mwarobaini ni mgumu kidogo zaidi, nao husumbuliwa kidogo na wadudu. Mimi humshauri anayeanza achukue mwarobaini.

2. Je, ninahitaji zana nyingi?

Hapana. Shoka dogo, tezo, patasi bapa moja, patasi mbili za mviringo za ukubwa tofauti, rungu la kugongea, tupa na msasa. Kitu ambacho watu hukisahau ni jiwe la kunolea. Patasi butu haikati nyuzi za mti, inazing'oa, na hapo ndipo pua na vidole vya kinyago vinapoondoka. Mchongaji akiniambia kazi inamshinda, swali langu la kwanza ni lini alinoa mara ya mwisho.

3. Nitajuaje kama gogo la mpingo ni zima kabla sijalilipia?

Angalia ncha zote mbili, si moja. Mpingo mwingi una kiini kilichooza au chenye uwazi, na mara nyingi uwazi huo hauonekani upande wa pili. Gonga gogo kwa kisigino cha shoka ukilisogeza pole pole: sehemu nzima hutoa mlio mkali, sehemu mbovu hutoa mlio uliofifia. Tazama nyufa zinazotoka kiini kwenda nje na kadiria zimeingia kina gani. Halafu pima ule mviringo mweupe wa nje. Hiyo ni sehemu changa ya mti. Ni laini zaidi na rangi yake ni ya manjano hafifu. Kwenye gogo jembamba inaweza kula karibu nusu ya upana uliolipia. Wapo wanaoiacha kwa makusudi ili weusi na weupe vikae pamoja kwenye kazi moja, na ikipangwa tangu mwanzo hupendeza sana.

Ukinunua kipande kilichokwisha kukatwa na kupigwa rangi, kikwangue chini. Mti mwepesi uliopakwa kiwi nyeusi umeuzwa kama mpingo kwa watu wengi.

## Nyufa, kuvunjika na wadudu

4. Nililala kinyago kikiwa kizima, nikaamka kina ufa. Kumetokea nini?

Maji yametoka kwa kasi isiyolingana. Mti uliokatwa karibuni umejaa maji, nayo hutoka kwenye ncha upesi kuliko ubavuni, na hutoka nje kabla ya ndani. Ngozi ya nje inataka kusinyaa, moyo wa ndani bado umevimba, kwa hiyo nje inachanika. Isitoshe, mti husinyaa zaidi kufuata mzunguko wa gogo kuliko kutoka nje kwenda kwenye kiini. Ndiyo maana ufa mkubwa karibu daima huelekea kwenye kiini.

Kinga huanza siku gogo linapokatwa. Paka ncha zote nta, rangi ya mafuta au hata gundi nzito ya mbao. Liweke kivulini, juu ya vijiti ili lisiguse ardhi, mahali penye hewa lakini pasipo upepo mkali. Ukiweza, lipasue katikati ya kiini. Nusu gogo hupasuka kidogo kuliko gogo zima. Ukianza kuchonga mti ambao bado mbichi, toa umbo la jumla mapema na upunguze unene wote kwa pamoja. Kila jioni funika kazi kwa mfuko wa plastiki au kitambaa chenye unyevu kidogo, na usiiache juani wakati wa chakula cha mchana. Kinyago chenye kichwa kinene na mwili uliokwisha kuchongwa mwembamba kinajitafutia ufa, maana sehemu hizo mbili hukauka kwa mwendo tofauti.

5. Ufa umeshatokea. Nizibe sasa hivi?

Subiri. Weka alama ndogo ya penseli mwisho wa ufa, andika tarehe, uache kazi kivulini. Ukipita mwezi na ufa haujavuka alama, mti umetulia. Ukizibwa ungali unatembea, kizibo kitasukumwa nje au ufa mwingine utafunguka pembeni.

Ufa mwembamba huzibwa kwa unga wa mti uleule uliochanganywa na gundi, ukakandamizwa ndani, ukakauka, ukapigwa msasa. Weka akiba ya unga wa kila mti unaochonga kwenye kopo lenye kifuniko. Ufa mpana unataka kabari: chonga kipande chembamba cha mti uleule, nyuzi zake zifuate nyuzi za kinyago, upake gundi upande mmoja tu ili mti uweze kupumua bila kuchanika upya. Kama ufa umepita usoni, fikiria kwanza kama unaweza kuuchonga uwe sehemu ya sura. Kovu, mkunjo wa shavu na mstari wa chale vimeokoa nyuso nyingi.

6. Mkono wa sanamu umekatika na kazi ilikuwa inakaribia kwisha. Nifanyeje?

Kwanza weka zana chini na uokote kila kipande, hata vidogo. Kisha tazama palipovunjika. Kama nyuzi za mti zinakatiza mkono badala ya kuufuata, basi mkono ule ulikuwa unavunjika tangu ulipouchora. Mkono ulionyooshwa pembeni kwenye gogo lililosimama ni dhaifu hata mikononi mwa fundi mkubwa. Kazi ijayo, uelekeze juu au chini kufuata nyuzi, au uuegemeze mwilini.

Baada ya hapo una njia tatu. Ya kwanza ni kuunga: toboa tundu pande zote mbili, ingiza kijiti cha mti mgumu, gundi, funga kwa kamba mpaka ikauke. Ya pili ni kupunguza sanamu nzima ili kisiki cha mkono kiwe bega. Ya tatu ni kuacha wazo la kwanza na kuuliza kipande kilichobaki kinaweza kuwa nini.

Njia ya tatu ndiyo iliyozaa mtindo mzima. Miongoni mwa wachongaji wa Kimakonde waliohamia Dar es Salaam inasimuliwa habari ya Samaki Likankoa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa akichonga umbo la mtu, mkono ukavunjika. Hakuitupa kazi. Aliigeuza kuwa kiumbe asiye na umbo la kawaida, akampelekea Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago jijini, naye akamtia moyo achonge vingine. Huo ndio mtindo unaoitwa shetani: jicho moja, mdomo uliopinda, kiungo kilichotokea mahali kisipotarajiwa. Baadaye umechongwa na mamia ya mikono na kufika kwenye makumbusho ya mabara mengine. Tusimulie sehemu zote mbili za habari hii. Fundi aliona kitu kwenye uharibifu, na mnunuzi hakuogopa kitu ambacho hakuwahi kukiona. Vipaji vingi vinakosa huyo wa pili.

7. Nikiunga kiungo kilichovunjika, namdanganya mnunuzi?

Unamdanganya ukinyamaza. Kazi ya ujamaa, ule mnara wa watu waliobebana, thamani yake kubwa iko kwenye kutoka katika gogo moja. Ukiwa umeunga watu wawili juu, mwambie na upunguze bei. Wanunuzi makini hukubali matengenezo yaliyosemwa wazi. Wakija kuyagundua wenyewe hawarudi tena, na wanawaambia wengine.

8. Kuna vumbi laini linadondoka chini ya kinyago na vitundu vidogo vimetokea. Ni nini?

Ni bungua, na vumbi jipya maana yake bado wamo. Kitenge kinyago hicho na vingine leo hii. Kama kinaingia kwenye friza, kifunge vizuri ndani ya plastiki, toa hewa, kiache humo wiki mbili, kisha kitoe na ukiache kwenye plastiki hadi kipate joto la chumba ndipo ufungue. Ukifungua mapema, maji yatakigandia na kukipasua. Kama ni kikubwa, tumia dawa ya mbao kwa sindano kwenye kila tundu, ukiwa nje na umevaa barakoa. Mpingo mweusi hauliwi kwa urahisi, ila ile sehemu yake nyeupe huliwa.

## Wazo halipo

9. Nakaa mbele ya gogo na sioni chochote. Wenzangu wanasema wanaona umbo ndani ya mti. Mimi sina kipaji?

Kipaji si tatizo hapa. Wanaosema wanaona umbo ndani ya mti wameshapitisha mikononi magogo mengi. Wanachokiona ni mipaka ya gogo: hapa limepinda, hapa kuna kifundo, hapa limeoza. Wazo linabaki pale mti unaporuhusu. Kwa hiyo anza na mipaka. Chukua chaki, zungushia kila ufa na kila kifundo, andika alama mahali pa kukwepa. Ligeuze gogo juu chini, lilaze, lizungushe. Mara nyingi lililokataa kuwa mtu aliyesimama linakubali kuwa mtu aliyeinama.

Pili, toka nje ukatazame watu. Simama kituo cha daladala uangalie mama aliyebeba mtoto mgongoni na ndoo kichwani: shingo inafanya nini, uzito umelala mguu upi? Mtindo wa ujamaa, ambao mwanzo wake hutajwa pamoja na jina la Roberto Yakobo Sangwani, ulianza na jambo jepesi la kuonekana, yaani watu waliobeba mwenzao juu. Vizazi vilivyofuata vikaongeza ukoo mzima kwenye gogo lile, babu chini na wajukuu juu, wakishikana kiasi kwamba ukimtoa mmoja wengine wanaanguka.

Tatu, finyanga wazo kwa udongo kabla ya kugusa mti. Udongo unasamehe, mti ukishatoka haurudi. Finyango ya ukubwa wa ngumi inatosha kukuonyesha kama umbo linasimama.

Na kama tatizo ni woga wa kuharibu gogo ghali, rudi swali la 1. Wahenga walishauliza: kinyago umekichonga mwenyewe, chakutishani?

10. Kuiga kazi ya fundi mwingine ni wizi?

Kujifunzia kwa kuiga ni desturi ya zamani na nzuri. Ukienda kijiji cha wachongaji Mwenge, Dar es Salaam, utakuta vijana wameketi kando ya wazee wakirudia umbo lilelile mpaka mkono uzoee. Mtindo, kama ujamaa au shetani, hauna mwenyewe. Kazi mahususi inaye: Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayolinda sanamu aliyoichonga mtu dhidi ya kunakiliwa na kuuzwa bila ruhusa. Ukinakili kwa kujifunza, isiende sokoni, na usiweke jina lako chini yake.

11. Nimechoka kuchonga twiga na Wamasai, lakini ndio wanaonunuliwa. Nitabakije na hamu?

Usiwadharau hao twiga, ndio wanaolipa ada ya watoto. Ila wape mipaka. Wachongaji ninaowaona wakidumu wametenga muda, hata kama ni asubuhi moja ya wiki, kwa kipande ambacho hakina mteja. Kipande hicho kiwe kidogo, na kitokane na masalio ya gogo ili hasara isiume.

Njia nyingine ni kubadili kitu unachokifanyia kazi. George Lilanga (1934–2005) alitoka kwenye uchongaji wa Kimakonde, akafika Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam, na hapo mashetani yake yakahamia kwenye ngozi ya mbuzi, chuma na hatimaye turubai lenye rangi kali. Alikuwa na ulimwengu uleule wa viumbe wenye masikio makubwa wakicheka, kila mara juu ya kitu kipya. Kisukari kilipomdhoofisha miaka ya mwisho, michoro iliendelea. Nikitazama kazi zake naona mtu aliyekataa kufungwa na zana moja.

12. Mimi ni mwanamke. Naambiwa kuchonga ni kazi ya wanaume.

Kwa Wamakonde mti ulikuwa wa wanaume na udongo wa wanawake, ni kweli. Mtazame basi Reinata Sadimba, aliyezaliwa mwaka 1945 kwenye uwanda wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji. Alijifunza ufinyanzi wa vyungu kama wasichana wenzake. Baada ya vita vya ukombozi na ndoa kuvunjika, vyungu vikaanza kuota nyuso, matiti, mikono na watoto. Aliishi Tanzania miaka ya 1980, akarudi Maputo mwaka 1992, na akawa miongoni mwa wasanii wanaoheshimika zaidi nchini mwake. Hakuomba ruhusa ya kushika mti. Aliusukuma udongo mpaka ukasema aliyotaka. Wewe ukitaka mti, shika mti. Uzito wa tezo hupungua ukichagua ndogo na kukaa vizuri.

13. Nimeacha kazi katikati kwa miezi mingi. Nianzie wapi?

Noa zana zote. Kagua nyufa mpya (swali la 5). Kisha chonga sehemu isiyoonekana, kitako au mgongo, mpaka mkono ukumbuke. Uso uache wa mwisho.

## Jiwe na udongo

14. Jiwe la Kisii limegawanyika vipande viwili nilipoanza kupiga msasa. Je, ni kosa langu?

Mara nyingi ni mshipa uliokuwemo. Jiwe hili, linalochimbwa mji wa Tabaka huko Kisii, Kenya, ni laini, linachongeka kwa kisu na msumeno, lakini limekaa kwa matabaka na mishipa. Kabla ya kuanza, lilowanishe: mshipa hubaki umelowa baada ya sehemu nyingine kukauka. Ligonge pia, kama gogo katika swali la 3. Panga umbo ili mshipa usipite shingoni wala kwenye kifundo cha mguu. Vipande vilivyogawanyika vichongwe vidogo. Sahani na wanyama wadogo hutoka humo humo.

Chonga na kupiga msasa jiwe likiwa na maji, na vaa barakoa. Vumbi lake likiingia mapafuni kila siku kwa miaka linadhuru, na watoto wasikae karibu. Wanaodhani jiwe hili ni la zawadi ndogo tu wamtazame Elkana Ong'esa wa Tabaka, ambaye sanamu yake kubwa iko makao makuu ya UNESCO, Paris.

15. Sanamu yangu ya udongo imelipuka kwenye moto.

Ilikuwa na maji ndani. Maji yakigeuka mvuke hutafuta njia, na kwenye udongo mnene njia haipo. Komba ndani mpaka kuta ziwe na unene wa kidole, toboa tundu mahali pasipoonekana, changanya udongo na chenga za vyungu vilivyosagwa, ukaushe kivulini wiki kadhaa. Siku ya kuchoma, ipashe moto mdogo kwa saa nyingi kabla ya moto mkubwa. Ukiigusa shavuni nayo ni ya baridi kuliko hewa, haijakauka.

## Mauzo, vibali na mambo yasiyo ya kawaida

16. Mteja ameagiza kazi kubwa kisha amekataa kuichukua.

Ndiyo maana huombwa malipo ya awali ambayo angalau yanafidia gogo. Mwonyeshe finyango ya udongo (swali la 9) aikubali kabla hujakata mti, na mwandikiane ukubwa, aina ya mti na tarehe. Hayo yakikosekana, kazi iweke, usiishushe bei kwa hasira wiki ileile.

17. Mpingo unahitaji kibali?

Kuvuna na kusafirisha gogo kunahitaji kibali cha misitu. Tanzania unaanzia Wakala wa Huduma za Misitu, au serikali ya kijiji kama msitu ni wa kijiji. Wilayani Kilwa vijiji vinasimamia misitu yao wenyewe, na mwaka 2009 baadhi vilipata cheti cha FSC, yaani cheti cha kimataifa cha misitu inayosimamiwa vizuri. Mpingo wa namna hiyo, ukiupata, mapato yake yanarudi kwa wanaoulinda mti. Mimi ningelipa zaidi kwa ajili hiyo.

Kupeleka nje ni jambo jingine. Tangu Januari 2017 karibu jamii yote ya miti ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mwaka 2019 masharti yalilegezwa kwa bidhaa zilizokamilika zenye uzito wa mti usiozidi kilo 10 kwa mzigo. Gogo au kinyago kizito kinahitaji karatasi. Muulize ofisa wa misitu kabla ya kulipia usafiri, kwa sababu mzigo ukizuiwa bandarini hasara ni yako.

18. Baba alifariki akiacha kinyago nusu. Nikimalizie?

Kama umejifunza kwake na unajua alikokuwa anakipeleka, unaweza. Kama hujui, kiache kama kilivyo, ukipige nta tu. Alama za patasi za fundi aliyekatizwa kazini zina mengi ya kufundisha, na mara ukipitisha msasa hazipo tena. Ukikimalizia, andika majina mawili chini na umwambie mnunuzi nani alichonga nini.

19. Mteja wa Ujerumani ameandika kwamba kinyago kilifika kizima, kikapasuka mwezi Januari.

Nyumba za huko hupashwa joto wakati wa baridi, na hewa ya ndani hukauka kuliko chumba chochote cha pwani yetu. Mti uliotulia Mtwara au Mombasa unaanza kusinyaa upya. Mwambie akisogeze mbali na kipasha joto na dirisha la jua, asikizibe mpaka majira ya joto ya huko, maana unyevu ukirudi nyufa nyingi hujifunga zenyewe kwa kiasi kikubwa. Kitakachobaki wazi kizibwe kama ilivyo kwenye swali la 5. Mtumie pakiti ndogo ya unga wa mti uleule kutoka kwenye kopo lako. Kwa kazi zijazo za huko, chagua mti uliokauka miaka, komba ndani kupitia kitako, na weka karatasi ya maelezo ya utunzaji ndani ya boksi.